Kisu kidogo kisichokunjwa cha kila siku: nichukue kipi, na kinafaa kujilinda?

Mto_Malaba

Habari za humu ndugu zangu. Natafuta kisu kidogo kisichokunjwa, cha kukaa nacho siku nzima. Kazi zake ni za kawaida: kukata kamba za mkonge na za nailoni kwenye mizigo, kufungua magunia na maboksi, kumenya muwa na nanasi, mara moja moja kuchinja kuku. Vya kukunja sivitaki. Vumbi na unga vikiingia kwenye kiungo kisu kinakuwa kigumu kufungua, na kufuli likichakaa kinakufunga vidole.

Naona njia mbili. Ya kwanza ni cha dukani, ila vingi vimeandikwa "stenlesi" tu bila jina la kiwanda linaloeleweka. Ya pili ni kumpa kazi fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala, akitoe kwenye springi ya gari. Urefu gani, unene gani, chuma gani, ala ya namna gani?

La mwisho: usiku narudi kwa boda, saa nne au saa tano. Kisu hichohicho kinaweza kuwa cha kujilinda, au nitajitafutia balaa na polisi?

Vyuma_Jinja

Mimi nitasema vipimo na chuma, mambo ya polisi nawaachia wanaoyajua.

Kwa kazi hizo, makali ya sentimita 8 hadi 9 yanatosha kabisa. Chini ya 7 nanasi litakusumbua. Yakizidi 10, kisu kinakuchoma kiuno ukikaa kwenye boda na kila mtu anakiona. Kinachosahaulika ni mpini. Mtu akitaka kisu kifupi anaukata mpini, kidole cha mwisho kinabaki hewani, halafu kisu kinageuka mkononi siku kikikutana na kamba ngumu. Pima upana wa kiganja kwenye mizizi ya vidole vinne, kisha ongeza sentimita 1.5 hadi 2. Wengi wanapata mpini wa sentimita 10 hadi 11. Kwa hiyo kisu kizima kitakuwa kama sentimita 19, na usishangae mpini ukiwa mrefu kuliko makali. Kwa kisu cha ukubwa huu ndivyo inavyotakiwa.

Unene wa mgongo uwe milimita 2.5, na 3 ndio mwisho. Mafundi wetu wanapenda kuacha 5 kwa sababu jani la springi linakuja nene, na kulipunguza ni jasho na diski za grainda. Matokeo yake ni kisu kinachopasua nanasi badala ya kulikata. Kisu kinaweza kunyoa nywele za mkono na bado kikakwama katikati ya muwa, maana kinachokwama ni bega lililo nyuma ya makali, wala si makali yenyewe. Mwambie fundi kwamba pale nyuma ya makali, kabla hajanoa, unene usizidi nusu milimita. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko mapambo yote atakayokuwekea.

Sasa chuma. Cha kulinganishia chukua kisu cha Mora Companion cha Sweden, kile cha stenlesi: makali ya sentimita 10.4, unene milimita 2.5, chuma aina ya 12C27 chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu, ile inayozuia kutu, 13.5. Mdogo wake, Eldris, ana makali ya sentimita 5.9 na unene wa milimita 2. Ukipata mtu wa kukuletea, Companion ni kisu cha kazi kisicho na makuu, kirefu kidogo tu kuliko unachohitaji. Usivutwe na chuma aina ya D2 kwa sababu inatajwatajwa mtandaoni. Ina kromiamu karibu 12 lakini kaboni ni 1.5, na kaboni hiyo inaifunga sehemu kubwa ya kromiamu. Kwa hiyo inashika kutu vilevile, na juu ya hapo inakataa kunoleka kwenye jiwe la kawaida.

Stenlesi isiyo na jina tatizo lake ni ulaini kuliko kutu. Nenda dukani na sumaku ndogo. Kisu kisichovutwa na sumaku ni chuma cha aina ya vijiko na sufuria, hakipati ugumu hata ukichome vipi. Kinachovutwa kinaweza kuwa kizuri, ingawa sumaku peke yake haithibitishi.

Springi ya gari ni chuma kizuri. Majani ya springi ya pikapu na malori kwa kawaida ni chuma cha springi cha jamii ya 5160, au SUP9 ya Wajapani, kaboni kati ya 0.5 na 0.65. Ni kigumu kuvunjika na kinanoleka haraka, ila kinashika kutu. Nanasi na limao vitakiachia madoa ya kijivu. Hayo ni ya kawaida, yaache yatulie. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondoa siku hiyohiyo. Ukimaliza kazi futa, kausha, paka mafuta ya mgando kidogo sana. Mafuta ya kupikia yakikaa yanageuka gundi.

Na usikubali kisu cha nondo ya ujenzi. Kitang'aa, kitapendeza, kitakata siku mbili.

Tororo_Usiku

Kuhusu polisi, usitegemee sentimita. Swali la kwanza la afande ni "hiki cha nini?" Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu. Na kwenye makosa ya unyang'anyi, chombo chochote kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa kuchoma au kukata kinahesabiwa silaha ya kuua, hata kikiwa kifupi. Kwa hiyo kisu chako kikiwa kwenye mfuko wa kazi, mchana, pamoja na kamba na kalamu ya kuandikia magunia, kinajieleza chenyewe. Kisu hichohicho kikikutwa kwenye soksi saa tano usiku kinajieleza kwa namna nyingine. Ukimjibu afande kwamba ni cha kujilinda, umeshakiita silaha kwa mdomo wako mwenyewe. Dawa si kumdanganya. Dawa ni kukiacha dukani au stoo kazi ikiisha, ukafunga na mlango.

Kuna sehemu hutaingia nacho kabisa. Tangu mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, kule Kyadondo na Kabalagala, kukaguliwa mlangoni kwenye maduka makubwa, hoteli na hata makanisa ni jambo la kawaida. Usimwombe askari wa mlangoni akuwekee, akikipoteza hutakuwa na pa kudai. Na ukipitia Entebbe kwenda safari, kiweke kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kwenye begi la mkononi kitabaki pale ukaguzi.

Sasa kujilinda. Fikiria wizi wenyewe unavyotokea. Wa simu anapita na pikipiki, ananyakua, ameshafika taa za mbele kabla hujageuza shingo. Wa vichochoroni ni wawili au watatu, na mmoja yuko nyuma yako. Kisu kiko kwenye ala, ala iko chini ya koti, mkono mmoja umeshikwa. Hata ukikitoa, makali ya sentimita 8 yanafanya kazi mtu akiwa amekugusa, yaani mahali ambapo na yeye anakufikia. Mwenzako akiwa na panga, hesabu iliyobaki fanya mwenyewe.

La pili ni watu. Hapa kwetu sauti ikisema "mwizi!" umati haulizi nani kaanza, unaangalia nani ana kisu mkononi. Hilo peke yake linatosha kukifanya kisu kiwe kitu kibaya cha kujilindia karibu na taxi park au sokoni.

La tatu ni mahakama. Nguvu unayotumia kujitetea lazima ilingane na hatari iliyopo wakati huo. Mtu ameshachukua simu anakimbia, hatari kwa mwili wako imekwisha. Ukimkimbiza ukamchoma, mshtakiwa ni wewe.

Pesa ya kisu cha pili weka kwenye tochi nzuri ya mkononi, yenye kitufe cha nyuma cha kubonyeza kwa dole gumba. Inakuonyesha aliyesimama gizani ukiwa bado mbali, inamuumiza macho akikukaribia, na hakuna afande atakayekuuliza ya nini. Boda chukua wa stejini anayejulikana, au ita kwa programu ili safari yako iandikwe mahali. Simu usiishike mkononi ukiwa juu ya boda. Namba za polisi ni 999 na 112, ziwe zinabonyezeka bila kutafuta.

Simba_Kyengera

Mnamwogopesha bure kijana. Achukue jambia dogo, linolewe pande zote mbili, alining'inize shingoni chini ya shati. Nani atamgusa?

Bucha_Bwera

Simba, jambia lina kazi moja tu na kila afande anaijua. Hilo kwanza. Pili, kisu chenye makali pande mbili huwezi kukiwekea dole gumba mgongoni, na kukata kamba nene bila kusukuma kwa dole gumba ni kujitafutia kidonda. Tatu, hicho cha shingoni kamba yake ikinasa kwenye usukani wa boda au kwenye mlango wa taxi kinakunyonga wewe mwenye nacho, isipokuwa kamba iwe na kiungo kinachoachia kwa kuvutwa. Bado kuna suala la kuanguka: ala nyepesi ya plastiki, ncha inaelekea tumboni. Hapana.

Mzee wa Jinja amesema vizuri ila mimi napunguza zaidi. Kwa kuku, nanasi na maboksi, milimita 2 zinatosha, hata 1.5. Njia ya bei nafuu kuliko zote hamkuitaja: kisu kidogo cha jikoni cha kiwanda kinachojulikana, Victorinox au Tramontina, makali ya sentimita 8 hadi 10, halafu ukitengenezee ala. Chembamba, kinakata kuliko visu vingi vya "kijeshi", na hakimtishi mtu. Udhaifu wake ni viwili. Ncha inavunjika ukikitumia kufungulia makopo au kung'olea misumari, kwa hiyo usikitumie hivyo. Na mpini wa plastiki laini unateleza ukishika mafuta ya kuku.

Kuteleza ndiko kunakokata watu wengi. Mkono wenye mafuta au damu unasogea mbele, kidole cha shahada kinapanda kwenye makali. Kwa hiyo chochote utakachochagua, kiwe na kizuizi mbele ya mpini: uvimbe wa milimita 5 hadi 6 unaoshuka chini ya usawa wa makali. Si lazima liwe bamba la chuma lenye mikono miwili, hilo linazuia kukata juu ya ubao. Jaribu dukani: paka sabuni kidogo mkononi, shika kisu kikiwa ndani ya ala, sukuma ncha ya ala kwenye meza. Kidole kikisogea, rudisha kisu kabatini. Mwenye duka atakutazama vibaya, mwache atazame.

Kunoa. Usimpe yule wa baiskeli mwenye jiwe la kuzunguka. Makali membamba yanapata moto kabla hujaona cheche ya tatu, na yakishabadilika kuwa bluu ugumu umeondoka hapo. Utanoa leo, kesho butu, utasema chuma kibaya. Nunua kinoo cha pande mbili, upande wa namba 400 wa kukwaruza na wa namba 1000 ulio laini. Kama hakuna, bandika msasa wa maji wa namba hizohizo kwenye kipande cha kioo au marumaru ya sakafu.

Pembe ni digrii 20 kila upande kwa kazi zako. Huna haja ya kifaa. Kisu chenye upana wa milimita 25, mgongo uinuke milimita 8.5 juu ya jiwe. Chenye upana wa 20, inuka kama 7. Chonga kabari ya mti ya kimo hicho, uiweke chini ya mgongo mwanzoni ili mkono ukariri. Noa upande mmoja mpaka uhisi kwa kidole ukingo mdogo wa chuma unaokwaruza umejikunja upande wa pili, urefu wote wa makali, kuanzia karibu na mpini hadi nchani. Wengi wanaachia kabla ukingo huo haujafika nchani, ndiyo maana ncha zao huwa butu. Geuza, fanya hivyohivyo. Kisha pitisha kwenye 1000 kwa mkono mwepesi, kila pigo ukigeuza upande, na umalizie kuburuta makali kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi mara kumi hivi. Karatasi ya gazeti ikatike bila kuchanika.

Mto_Malaba

Ahsanteni sana wazee. Habari ya jambia nimeiacha, na usiku kisu kitalala stoo. Tochi nitatafuta.

Ila kwa kazi naelekea kwa fundi wa Katwe, kwa sababu nataka mpini wa pembe la ng'ombe wa Ankole. Nitajuaje kama chuma amekichoma sawasawa? Yeye atasema kiko sawa, mimi nitaona kinang'aa tu. Na ala ya ngozi au ya plastiki?

Vyuma_Jinja

Bucha, kwa stenlesi ya kiwandani 1.5 sawa. Kwa springi iliyochomwa kwa mkono usishuke chini ya 2. Kisu chembamba kinajipinda kikitoka motoni na kuzimwa kwenye mafuta, na fundi atakinyoosha kwa nyundo kikapata ufa.

Mto, mambo ya kumkagua fundi ni haya.

Kabla ya kazi, angalia springi yenyewe. Springi iliyokwisha kazi kwenye lori mara nyingi ina nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, hasa karibu na tundu la boliti ya katikati. Mwambie asichukue chuma cha hapo. Kipande kikishasafishwa, kipake mafuta ya taa, ngoja robo saa, futa kabisa kikauke, kisha kipake unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatatoka tena na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiona mstari, kipande hicho tupa.

Kuchoma: chuma kinapashwa polepole mpaka sumaku iache kukivuta, kwenye nyuzi 770 hivi, kisha moto kidogo zaidi, 815 hadi 845. Kazi hii ifanyike kivulini. Juani rangi ya chuma inadanganya, fundi anazidisha moto, chembe za chuma zinakua na kisu kinakuwa cha kuvunjika. Kisha kinazimwa kwenye mafuta yaliyopashwa moto, nyuzi 50 hadi 60. Mafuta baridi ni mazito, hayapoozi upesi inavyotakiwa. Maji hapana! Springi ikiingia majini inaweza kulia "tik", na hiyo "tik" ni kisu chako kimepasuka. Oili chafu ya injini inafanya kazi lakini moshi wake ni sumu na kisu ni cha chakula, bora mafuta ya kupikia. Kiingie wima, kisikorogwe kushoto na kulia, la sivyo kinapinda.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaishia hapo. Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu sana, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Lazima kirudishwe kwenye moto mdogo, oveni ya nyuzi 200, saa moja au zaidi, kipoe, kirudiwe mara ya pili. Utapata ugumu wa kama 57 au 58 kwa kipimo cha Rockwell. Asiye na oveni anaweza kusafisha kisu king'ae, akaulaza mgongo juu ya chuma cha moto na kuangalia rangi ikitembea kuelekea kwenye makali. Makali yakifika rangi ya njano ya nyasi kavu, anakitia majini ili moto usiendelee; hapa maji hayana shida kwa kuwa kisu hakijawa chekundu. Mgongo utakuwa umefika bluu, ambayo ni sawa kwa mgongo. Bluu kwenye makali maana yake kazi irudiwe upya.

Kupima baada ya kazi. Tupa mpya ikipitishwa kwenye makali iteleze au ikwaruze kidogo sana, isiume. Kisha chukua fimbo ya shaba ya njano ya milimita 6, ilaze mezani, weka makali juu yake kwa pembe ya kunolea na ukandamize taratibu. Utaona makali yamejikunja kidogo. Ukiachia yakirudi, safi. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini. Yakimeguka, hakikurudishwa kwenye moto. Fundi mwenye kujiamini atakubali kipimo hiki, na akikataa umeshapata jibu.

Pembe la Ankole ni zuri na linapatikana, ila lina tabia zake. Likiwa bichi linajikunja, likibandikwa kabla halijakauka vizuri litaachia gundi pembeni. Likitobolewa kwa kasi linaungua na kunuka nywele, na penye kuungua linapasuka baadaye. Atoboe polepole, apumzike, atoboe. Vipande viwili vya unene wa milimita 6 hadi 7 kila upande, gundi ya epoksi ya mchanganyiko, ribiti tatu za shaba za milimita 4 au 5, na gundi ikae saa 24 kabla ya kupiga msasa. Chuma cha ndani kiende urefu wote wa mpini na upana uleule. Wadudu hula pembe likiwekwa kabatini miezi mingi, kwa hiyo lipakwe mafuta ya kitani mara kwa mara. Kitambaa chenye mafuta hayo usikikunje na kukitupa kwenye takataka, kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Uzi_na_Sindano_Mbale

Ala niachieni mimi.

Ngozi ni nzuri ukijua kasoro yake: inanyonya maji. Kisu cha springi kikilala kwenye ngozi yenye unyevu wiki mbili, utatoa kutu. Ngozi iliyochakatwa kwa chumvi za kromiamu ni mbaya zaidi kwa hilo, tafuta ile iliyochakatwa kwa magome ya miti, ya kahawia, isiyo laini kama ya mkoba. Unene milimita 3. Katikati ya mshono lazima kuwe na ukanda wa tatu wa ngozi, upana wa milimita 6 hivi, unaofuata upande wa makali. Bila ukanda huo makali yanakula uzi, na siku moja ncha inatokea pembeni bila taarifa. Ukiona ala sokoni yenye mshono usio na ukanda huo, hata iwe na nakshi, iache. Na kisu kikikaa siku nyingi bila kazi, kisikae ndani ya ala.

Kwa hali ya hewa ya ziwani na jasho lako, mimi ningechukua plastiki. Bomba la PVC la maji, ukuta wa milimita 2 hadi 3, linatosha. Lipasue kwa urefu, lipashe kwenye oveni au juu ya mkaa kwa mbali mpaka lilegee kama chapati, lakini lisibadilike rangi. Likianza kuwa kahawia au kutoa moshi, liondoe, moshi huo unachoma mapafu. Fanyia nje. Likunje kuzunguka kisu ambacho umekizungushia tabaka mbili za utepe wa karatasi wenye gundi kwenye makali, ili ndani kubaki nafasi. Kisha libane katikati ya mbao mbili zenye vipande vya sponji ya godoro kwa dakika tano. Ribiti upande wa makali tu, na tundu la milimita 5 nchani maji yatoke.

Kipimo: geuza juu chini, tikisa kwa nguvu mara tano. Kisitoke. Halafu kitoe kwa mkono mmoja, dole gumba likisukuma mdomo wa ala. Kama kinahitaji mikono miwili, kimebana mno, na utakapokivuta kwa nguvu kitatoka ghafla na kukutana na mkono mwingine. Pasha mdomo wa ala, legeza.

Mahali pa kuvaa: kwenye boda usikiweke mbele ya paja wala mgongoni katikati. Ukianguka kwa mgongo, kitu kigumu juu ya uti wa mgongo ni hatari hata kama hakijatoka kwenye ala. Kiunoni upande wa nyonga ukiwa kazini, ndani ya begi ukipanda chombo.

Mto_Malaba

Nimeandika oda, niangalieni kabla sijampelekea. Chuma cha springi, si cha karibu na tundu la katikati, kipimwe kwa chaki mbele yangu. Makali sentimita 8.5, upana milimita 24, mgongo milimita 2.5, nyuma ya makali nusu milimita. Upande mmoja tu wa makali, mgongo mnyoofu. Mpini sentimita 10.5, chuma cha ndani urefu wote, pembe la Ankole kavu, ribiti tatu, kizuizi cha milimita 5 mbele. Kuzimwa kwenye mafuta ya kupikia ya moto, kisha oveni nyuzi 200 mara mbili. Kipimo cha tupa na cha fimbo ya shaba kabla ya kulipa pesa ya mwisho. Ala nitafanya ya PVC mwenyewe.

Bucha_Bwera

Ongeza kinafasi kidogo, nusu sentimita, kati ya mwisho wa makali na mpini, ili kinoo kipite mpaka mwisho wa makali bila kugonga pembe. Wewe mwenyewe utamshukuru fundi ukinoa mara ya tatu.

Vyuma_Jinja

Oda nzuri. Kilichobaki ni kona. Pale makali yanapoishia na mpini kuanza, usiruhusu chuma kikatwe kwa kona kali ya digrii 90. Visu vingi vya mkono vinakatikia hapo, na hata ufa wa kwenye mafuta hupenda kuanzia hapo. Kona iwe ya duara, atumie tupa ya mviringo ya milimita 6, na aisafishe kwa msasa kwa kufuata urefu wa kisu mpaka mikwaruzo ya grainda inayokatisha iishe kabisa. Hiyo kinafasi ya Bucha nayo vilevile: duara, si kona. Mchoree kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, sentimita kwa sentimita, umwachie karatasi.